Picha za Uongo za Watu Mashuhuri: Nani Huzipa Miguu?

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, historia ya picha za kughushi yatuonyesha kuwa njia hiyo hurefuka kila apatikanapo mtu wa kuubeba uongo na kuufikisha kwa mwenzake. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa mifano michache, jinsi picha za watu mashuhuri zilivyogeuzwa tangu karne ya 19, na madhara ya kuzisambaza.

Ughushi huu haukuanza na kompyuta. Nchini Marekani, katika miaka ya 1860, ilichapwa picha iliyomwonyesha Rais Abraham Lincoln amesimama kwa fahari. Kumbe kichwa tu ndicho kilichokuwa chake! Kiwiliwili kilikuwa cha John Calhoun, mwanasiasa mtetezi wa utumwa aliyefariki mwaka 1850. Hivyo mtu aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863 alivishwa mwili wa adui wa uhuru huo.

Katika Urusi ya Kisovyeti, dola yenyewe iliifanya kazi hiyo. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alikuwa amepigwa picha kando ya Stalin kwenye mfereji wa Moscow. Alipokwisha kuuawa mwaka 1940, alifutwa pichani, na mahali pake yakaonekana maji matupu.

Kisa chenye mafunzo makubwa zaidi kwetu ni cha mwaka 2004. John Kerry alikuwa akiwania urais wa Marekani. Ikazuka picha iliyomwonyesha jukwaani pamoja na mwigizaji Jane Fonda, ambaye safari yake ya Hanoi mwaka 1972 iliwaudhi mno askari wengi waliopigana Vietnam. Picha hiyo ilikuwa imeunganishwa kutoka picha mbili: ya Kerry iliyopigwa na Ken Light mwezi Juni 1971 katika jimbo la New York, na ya Fonda iliyopigwa Florida mwaka 1972. Mghushi aliongeza hata jina la shirika la habari la Associated Press ili kuipa heshima.

Kwa nini watu waliisadiki? Kwa sababu palikuwapo chembe ya kweli: mwaka 1970 wawili hao walikuwa wamehudhuria mkutano mmoja wa kupinga vita, na picha halali iliwaonyesha wakiwa wameketi mbalimbali katika umati. Uongo hustawi vizuri unapopandwa katika udongo wa kweli. Kilichoufichua ni kwamba Light alikuwa bado anayo picha yake ya asili.

Siku hizi hakuna haja hata ya picha ya asili. Mwezi Machi 2023, hayati Papa Francis alionekana amevaa koti jeupe la kifahari ambalo hakulivaa kamwe. Picha nzima iliundwa na programu ya kompyuta. Wengi walicheka tu. Lakini mwezi Januari 2024 zilienezwa picha chafu za mwimbaji Taylor Swift, zilizoundwa bila ridhaa yake. Moja katika mtandao wa X ilitazamwa zaidi ya mara milioni 40 kabla ya kuondolewa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena, mtu mashuhuri anao mawakili na magazeti ya kumtetea; binti wa shule atendewaye vivyo hivyo hana mtetezi.

Basi, sisi walimu tuna wajibu gani? Tunawafundisha wanafunzi wetu kupambanua kati ya habari ya kusikia na habari ya kushuhudia. Tuwafundishe pia kwamba anayesambaza picha anatoa ushahidi, na shahidi huulizwa: Picha hii ilipigwa na nani? Wapi? Lini? Asiyeweza kujibu na anyamaze, asiipeleke mbele. Mghushi huwa mmoja tu, naye hana nguvu peke yake. Wanaomwazima miguu ni maelfu, na kila mmoja wao alikuwa na uwezo wa kukataa.