PETE YA NDOA: NDANI NA NJE

Somo: Kutoka 25:10-11

 

Juzi kijana mmoja na mchumba wake walikuja kwangu kwa mafundisho ya ndoa. Tulipokwisha kuzungumza habari za mahari na za vyeti, kijana alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika bei za pete tatu. Ya kwanza ni ya dhahabu halisi. Ya pili ni ya shaba iliyochovywa katika dhahabu, nayo yang'aa kuliko zote. Ya tatu ni ya chuma cha pua, haing'ai, imekwaruzwa kwa makusudi na fundi. Akaniuliza, "Pasta, ipi itakubaliwa kanisani?" Kama wangetaka ile ya dhahabu halisi, ingewapasa kungoja mwaka mwingine mzima. Msichana alikaa kimya akitazama sakafu.

Ndugu zangu, wengi katika makanisa yetu wamengoja hivyo. Ng'ombe wamekwisha kutolewa, watoto wamezaliwa, hata wajukuu, lakini ndoa haijabarikiwa na mama hafiki Meza ya Bwana, kwa sababu ya gharama ya sherehe na pete. Kwa hiyo leo natamani tuwaulize wazee wetu wa zamani: je, Kanisa lilipata kudai madini fulani?

Tuanze Rumi. Plini, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba hata katika siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma, tena isiyo na kito. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Tertuliano, Mkristo wa Karthago katika bara letu hili la Afrika, aliwakumbusha watu zamani ambapo mwanamke hakuvaa dhahabu ila katika kidole kimoja tu, kidole cha pete ya uchumba. Mmoja ataja chuma, mwingine dhahabu, na pete zote mbili zilikuwa na kazi moja: kutangaza kwamba neno limetolewa.

Tuje kwa Kanisa letu la Kianglikana. Kitabu cha kwanza cha sala kwa lugha ya Kiingereza, cha mwaka 1549, kilimtaka bwana arusi atoe pete pamoja na dhahabu na fedha. Miaka mitatu tu ikapita. Katika kitabu cha mwaka 1552 dhahabu na fedha ziliondolewa, pete ikabaki peke yake, wala haikutajwa iwe ya madini gani. Mwaka 1603 wachungaji waliotaka Kanisa litakaswe zaidi walimwomba Mfalme James wa Kwanza arekebishe desturi kadha, na pete ya ndoa ilikuwa mojawapo. Mashauri yalifanyika Januari 1604, na pete haikuondolewa. Basi tumerithi pete, lakini hatukurithi amri ya dhahabu.

Huku kwetu nako historia ipo. Kabla pete haijafika, chuma kilikuwa kimekwisha kuingia katika ndoa zetu. Wahunzi wa Samia walifua majembe yaliyouzwa mbali kandokando ya ziwa, na majembe hayo yalitolewa katika mahari. Mzee aliyepokea jembe hakuuliza kama lang'aa. Aliuliza kama litalima. Kisha mwaka 1906 Waanglikana walifungua kazi Maseno, na mwaka huohuo ndugu zetu Waadventista wakafika Gendia, karibu kabisa na hapa Kendu Bay. Sisi tulileta pete. Wao walifundisha watu kuacha mapambo ya dhahabu, na wengi wao mpaka leo hufunga ndoa bila pete. Ni majirani zetu. Tumewaona wakiishi na wake zao kwa uaminifu miaka 50, vidole vitupu. Tusijivune.

Nitataja jambo moja tena, nalo ni la kusikitisha. Tarehe 18 Desemba 1935, watu wa Italia waliitwa na serikali ya Mussolini watoe pete zao za ndoa za dhahabu. Wengi walitoa, hata malkia wao, nao wakapewa pete za chuma badala yake. Dhahabu ile ilikusanywa kusaidia vita juu ya jirani zetu wa Ethiopia. Fikirini, wapendwa: alama ya ahadi ya upendo imegeuzwa kuwa mali ya vita! Chuma kilichobaki vidoleni hakikuwa na kosa, wala dhahabu iliyotolewa haikuwa na utakatifu ndani yake. Madini hufuata mkono unaoyashika.

Sasa nisemeje juu yangu mwenyewe? Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia sikuwa na fedha. Nilikwenda kwa sonara mmoja mjini nikanunua pete ya kuchovya kwa ajili ya mchumba wangu. Sonara hakunidanganya, aliniambia wazi kwamba ndani ni shaba. Mimi ndiye niliyenyamaza. Mchumba wangu aliposema, "Kumbe umepata dhahabu!" nilitabasamu tu.

Pete ile ilifua nguo, ikalima shamba, ikaparua samaki. Kabla ya miaka miwili kwisha shaba ilitokeza, na kidole cha mke wangu kikawa na mviringo wa kijani. Ndipo nikamwambia. Alikuwa akichambua omena. Hakuinua macho upesi. Akasema, "Baba watoto, shaba haijanikosea neno. Ni wewe ungeniambia." Nimehubiri mara nyingi tangu siku ile, lakini sidhani nimepata kutoa hubiri lililonifikia mimi kama lile lilivyonifikia.

Tazameni somo letu. Mungu alimwagiza Musa watengeneze sanduku la mti wa mshita, kisha lifunikwe kwa dhahabu safi, ndani na nje. Hapo nilijifunza mambo mawili. Kwanza, kufunika si dhambi. Mungu hakuficha kwamba chini ya dhahabu ni mti. Jambo hilo liliandikwa wazi, hata sisi tulisome. Pili, alitaka dhahabu hata upande wa ndani, ambao watu hawauoni. Sisi twapenda kumaliza upande wa nje na kuuacha wa ndani.

Basi nilimjibu kijana yule hivi. Dhahabu safi ni karati 24, nayo ni laini mno, kwa hiyo mafundi huichanganya na madini mengine. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24. Ya karati 9 ina sehemu 9 tu. Ukiweza, nunua, lakini uliza kiasi chake. Ya kuchovya ina ngozi nyembamba sana ya dhahabu, na mkono wa kazi utaimaliza. Ukiinunua, mwambie mwenzako kabla ya siku ya arusi. Ya chuma cha pua ni moja, ndani na nje. Na juu ya kung'aa na kutong'aa, usisumbuke. Pete iliyong'arishwa hupata mikwaruzo ikafifia, na ile iliyokwaruzwa husuguliwa na kazi ikalainika na kuanza kung'aa. Baada ya miaka mingi hukaribia kufanana. Fundi huanza tu. Mng'ao wa mwisho huletwa na maisha.

Walitazamana. Msichana ndiye aliyesema: "Pasta, hatungoji tena." Wakachagua ya chuma.

Msikilizaji mpendwa, labda wewe nawe wangoja dhahabu. Usingoje. Mwone mchungaji wako wiki hii. Au labda pete yako yang'aa bado, lakini kuna neno hujamwambia mwenzako. Mwambie leo, kabla shaba haijatokeza yenyewe.

Tuombe. Ee Bwana, wewe waona ndani na nje. Zibariki ndoa za watu wako, zenye pete na zisizo na pete. Utupe ujasiri wa kusema kweli nyumbani mwetu, na utusugue kwa neema yako mpaka tung'ae kwa nuru yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.