CEILIOG: Jogoo wa Kiwelisi na Asili ya Jina Lake

Wanafunzi wetu hupenda kudhani kwamba kila jina la ndege ni mwigo wa sauti yake, na mara nyingine sisi walimu huwaachia dhana hiyo kwa kuwa yapendeza. Natutazame basi neno la mbali. Huko Wales, magharibi ya kisiwa cha Uingereza, jogoo huitwa ceiliog, na c yao husomwa k daima. Alisikiaye mara ya kwanza atasema ni mwigo wa kuwika. Aliyesoma Kiingereza atasema limetoholewa kutoka cock. Wote wawili wamekosea.

Kosa lao hudhihirika tuliwekapo neno hili kando ya ndugu zake: coileach la Kiayalandi, kilhog la Kibretoni, kulyek la Kikorni. Ndivyo tufanyavyo tunapoweka kuku kando ya inkuku ya Kizulu na enkoko ya Kiganda, tukatambua kuwa neno hilo ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Wataalamu wa lugha za Kikelti huliunda upya umbo la kale, kaliakos, lenye mzizi wa maana ya kuita, uleule uliozaa kalein la Kiyunani na calare la Kilatini. Jogoo, kumbe, ni mwitaji. Jina lataja kazi yake, haliigi sauti yake. (Hata hen la Waingereza ni umbo la kike la hana, jogoo wa Kiingereza cha kale, ambalo lina udugu na canere, kuimba.)

Julius Caesar, aliyevuka bahari kuwavamia Wabritoni mwaka 55 na 54 K.K., aliandika kwamba watu hao walifuga kuku na bata bukini kwa kujifurahisha tu, wakaona ni mwiko kuwala.

Maana za neno zimetanuka. Bata bukini huitwa gŵydd; dume lake ni ceiliagwydd. Chuma chenye umbo la jogoo, kigeukacho juu ya mnara wa kanisa kuonyesha upepo utokako, ni ceiliog y gwynt, jogoo wa upepo. Panzi naye ni ceiliog y rhedyn, jogoo wa kangaga, na kipepeo ni iâr fach yr haf, yaani kikuku cha kiangazi.

Tumependa zaidi msemo cam ceiliog. Baada ya siku fupi za Desemba, Wawelisi husema mchana warefuka kwa hatua ya jogoo. Sisi huhesabu alfajiri kwa jogoo la kwanza na la pili. Wao humtazama miguu.