Spider-Man 2 (msuko wa filamu)

Spider-Man 2 ni filamu ya Marekani ya 2004 iliyoongozwa na Sam Raimi, mwendelezo wa Spider-Man ya 2002. Ingawa mapigano na Dakta Octopus ndiyo yanayokumbukwa zaidi, msuko wake hausukumwi na adui, bali na swali la kama Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anaweza kuacha ushujaa. Kabla jaribio la mwanasayansi Otto Octavius halijaharibika na kumgeuza kuwa Dakta Octopus, Peter ameshafukuzwa kazi ya kupeleka piza, ameikosa tamthilia ya Mary Jane, msichana anayempenda, na nguvu zake zimeanza kumtoka. Katikati ya filamu analitupa vazi lake jalalani, na kwa kitambo kirefu tunamtazama kijana wa kawaida, tena mwenye raha.

Inaweza kudaiwa kwamba kutoweka kwa nguvu hizo hakuelezwi, na kwamba zinarudi kwa urahisi mno mara Mary Jane anapotekwa. La pili ni kasoro kweli. La kwanza si kasoro: mwili wa Peter unafuata shaka yake, na maelezo ya kimaabara yangeifuta maana hiyo. Ushahidi mkubwa kwamba msuko hausukumwi na adui uko mwishoni, ambapo ngumi hazimalizi ugomvi. Peter anamrudishia Otto nasaha aliyopewa na shangazi May, kwamba wakati mwingine haki hudai mtu aiache hata ndoto yake, na Otto mwenyewe anauzamisha mtambo wa jaribio lake mtoni. Kisa cha Harry Osborn, rafiki wa Peter, pekee ndicho kinachoachwa wazi, kwa ajili ya filamu ya tatu.