Uzi wa kudarizi

Singida mjini, mtu akipeleka sare kutiwa nembo husema anataka "maandishi ya kushona". Neno lipo: kudarizi. Wengine husema kutarizi, na yote mawili ni sahihi. Kushona ni kuunganisha vitambaa. Kudarizi ni kukipamba kitambaa kwa uzi. Watu wa mwambao wamelishika neno hili kwa ajili ya kofia zinazodariziwa kwa mkono. Ningependa kulisikia bara pia, hasa sasa ambapo vijana wanajifunza kudarizi kwa cherehani.

Mwanafunzi huanza na uzi, na hapo ndipo penye kazi. Uzi wa pamba hauna mng'ao mkali. Wa rayoni unang'aa vizuri, lakini ukilowa hupungua nguvu, na dawa ya kung'arisha nguo huuharibu. Wa poliesta huvumilia kufuliwa na jua, kwa hiyo ndio unaofaa sare ya mtoto wa shule. Namba nayo huwachanganya wengi: uzi wa 60 ni mwembamba kuliko wa 40. Herufi ndogo zipe 60. Nembo pana, 40. Ukikaza uzi wa juu kupita kiasi, ule wa chini huchomoza na kitambaa hujikunja.

Neno uzi limetoka hata nje ya ushonaji: mashabiki wa timu ya soka ya Singida Black Stars wakisema "uzi mpya" wanamaanisha jezi. Napenda sana matumizi haya: uzi mmoja umebeba vazi zima. Nao wasemao "uzi ni uleule", kwamba msimamo haujabadilika, wamechukua neno hilohilo.