Saruji ya Mfupa: Kutoka Jasi hadi Fosfati
Mwaka 1892, tabibu Mjerumani Dreesmann alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi. Lakini jasi huyeyuka upesi mwilini, mara nyingi kabla mfupa mpya haujaota. Mwaka 1920, Albee wa Marekani alijaribu fosfati ya kalsiamu, iliyo karibu zaidi na mfupa wenyewe. Katika miaka ya 1980, Brown na Chow, watafiti wa meno nchini humo, walichanganya fosfati mbili za kalsiamu na maji; uji ule uliganda pasipo moto, ukawa madini ya jamii ya mfupa. Hata hivyo, saruji hiyo huvunjika ikipindwa. Ndiyo maana huongezwa nyuzi na polima, kama udongo wa ukuta unavyoshikwa na fito. Lengo ni imomonyoke polepole, mfupa mpya ukishika nafasi yake.