Mjue Furu Mwenye Jina la Nyerere, na Ndoo Iliyotaka Kummaliza

Ukimtajia mtu wa mjini Baray, kama anaijua kabisa, atakwambia vitunguu. Hajakosea. Kata hiyo ya Karatu iko chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi, na vitunguu vya bonde hilo vinapakiwa kwenye malori hadi Kenya. Kitu ambacho watu hawasemi ni kwamba kwenye yale maji ya magadi ya Eyasi kuna perege ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Wanasayansi wanamwita Oreochromis amphimelas, jina alilolipata mwaka 1905. Makazi yake ni Eyasi, Manyara, Kitangiri na vimaziwa vya upande wa Singida. Shirika la IUCN limemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hatari yenyewe utaielewa vizuri ukianza na ndugu yake wa Mwanza, ambaye ni staa wa dunia.

Wote wawili ni wa ukoo mmoja unaoitwa siklidi. Ni ukoo mkubwa, na yaelekea unaula kila wiki bila kujua: sato, ngege, furu, hadi kuhe wa Kigoma ambaye ndiye jitu la ukoo mzima, anafika hata sentimita 80. Kuwatambua si kazi. Siku ukiwa sokoni mwangalie sato puani. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande, siklidi ana moja moja. Halafu fuata ule mstari wa nukta ubavuni. Kwake umekatika: kipande cha juu kinaishia njiani, kingine kinaanzia chini yake na kwenda mkiani. Muuza samaki atakushangaa, mwache ashangae.

Sasa huyo staa. Mgongo mwekundu kama kachovywa kwenye rangi, ubavu wa njano, mistari myeusi imeshuka kama ya punda milia. Jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, umesoma sawa. Pundamilia ni Kiswahili kile kile unachokijua, na nyererei ni Mwalimu Julius Nyerere. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, ndio waliomtambulisha kwa sayansi mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka urais. Kwa hiyo kuna watu huko Ujerumani na Marekani wanaongea Kiswahili kila asubuhi wakimlisha samaki wao, hawajui tu.

Mwekundu huyo ni dume. Jike amepauka, rangi kama ya majani makavu, ukimwona huwezi kudhani ni mke wa yule. Na hapo ndipo shida inapoanzia, maana kuna aina nyingine jirani, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya kijivu inayovutia kwenye bluu. Madume utawatofautisha ukiwa umesimama mlangoni. Majike wa aina hizi mbili ukiwaweka kwenye beseni moja, hata mtaalamu anakuna kichwa.

Ziwa Victoria lilikuwa na furu wa aina zaidi ya 500. Kinachowashangaza wanasayansi hadi leo ni muda: ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa upya, na hao wote wakatokea ndani ya kipindi hicho. Kuna anayekula konokono, anayekwangua mwani kwenye mawe, anayewinda watoto wa wenzake. Kwa kijiolojia hiyo ni kama jana jioni.

Wakubwa wa enzi hizo hawakuona hivyo. Kwao furu alikuwa samaki takataka, mdogo, mifupa tele. Miaka ya 1970 Mwanza ilikuwa na kiwanda cha kumsaga awe chakula cha mifugo. Na kabla ya hapo lilishakuja wazo jingine: tafuta samaki mkubwa, mwachie awale hawa wadogo, halafu binadamu amle huyo mkubwa.

Mkubwa huyo ni sangara. Nani hasa aliyemwaga ndoo ya kwanza? Hii ishu imebishaniwa miaka mingi. Kuna waliodai sangara alitoroka mwenyewe, eti alipita. Utafiti wa baadaye kwenye nyaraka na mahojiano na wazee wa idara uliwaangukia maofisa wa serikali ya kikoloni Uganda, ambao walimwingiza kimyakimya miaka ya katikati ya 1950, bila kutangaza. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa samaki wa ziwa hilo, aliandika waziwazi kupinga wazo la kumleta sangara. Jamani, alikuwa anapinga kitu ambacho tayari kilikuwa kinaogelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakamwaga wengine, safari hii hadharani.

Kwa miaka kama ishirini ikaonekana hakuna kilichotokea. Timu ya Waholanzi na Watanzania ilianza kazi Mwanza mwaka 1977, ikivuta nyavu na kuhesabu furu, kuwapima, kuwapa majina ya muda. Miaka ya 1980 nyavu zikaanza kutoka na sangara watupu. Aina ambazo walikuwa hawajamaliza kuzichora zikaacha kuonekana. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kama aina 200 zilipotea. Tusidanganyane, sangara alileta pia viwanda, ajira na dola. Lakini hakuna aliyewauliza wavuvi kama wako tayari kulipa bei hiyo.

Furu wa Mwalimu alipona kwa sababu ya mtaa anaoishi: anakaa kwenye miamba na visiwa vya mawe, ambako sangara mkubwa hapiti kirahisi. Waliochinjwa zaidi ni wa maji ya wazi na wa chini kwenye tope.

Ila kupona meno ya sangara hakukumaliza kesi. Ziwa lilikuwa linachafuka, mbolea na maji machafu yanaingia, mwani unaongezeka, maji yanakuwa kama supu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science jambo ambalo mfugaji yeyote wa samaki wa mapambo anatakiwa kulisoma. Jike wa nyererei anamchagua mume kwa rangi. Kwenye maji maangavu, kama ya kisiwa cha Makobe, jike anamwona mwekundu, anamjua ni wa kwao, anampita yule wa bluu. Kwenye maji yenye tope, kama ya kisiwa cha Luanso, rangi haionekani. Wekundu na wa bluu wanazaliana, na baada ya muda hakuna tena aina mbili, kuna samaki wa rangi isiyoeleweka. Hakuna aliyeliwa. Wamechanganyika tu hadi wakaisha.

Walijaribu na kwenye tangi la kioo maabara. Chini ya taa nyeupe, jike anamfuata wa kwake. Wakaweka taa ya rangi ya chungwa inayoficha tofauti, jike akaacha kubagua.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuweka akwariamu sebuleni, na zile taa za rangirangi za kupigia picha, hiyo historia inakuhusu moja kwa moja. Mpe nyererei taa nyeupe. Dume mmoja, majike wanne au watano, mapango ya mawe ya kutosha, kwa sababu dume ni mkorofi na akikosa wa kugawana naye hasira atamuua jike mmoja. Usimweke na pundamilia wala furu mwingine wa Victoria ambaye majike wao wanafanana. Watazaa, jike atabeba mayai mdomoni wiki mbili tatu hivi, utafurahi, utagawia marafiki vifaranga, na vyote vitakuwa chotara visivyo na jina. Kuna hifadhi za samaki Ulaya na Marekani zilizochukua furu wa Victoria ili aina zisipotee kabisa. Chotara mmoja akiingia humo kwa jina la uongo, kazi ya miaka imeharibika.

Maduka mengi ya nje yana beseni la "mchanganyiko wa Afrika", ukoo mzima kwa bei moja. Lipite. Mbuna wa Ziwa Nyasa (jina la wavuvi wa huko, dunia nzima inalitumia) wengi wao wanakwangua mwani, na wanapigana kuliko furu. Tropheus wa Tanganyika naye ni mla mwani. Ukimlisha chakula kizito cha nyama kinachomfaa mwenzake, tumbo linavimba anakufa. Tena maji ya Tanganyika yana chumvichumvi na ugumu kuliko ya Victoria. Kuna mmoja mzuri sana wa huko, Neolamprologus brichardi, amepewa jina la Mbelgiji Pierre Brichard aliyekuwa akisafirisha samaki nje kutoka Bujumbura miaka ya 1970. Wauzaji wanamwita binti mfalme wa Burundi. Kaka na dada zake wanabaki nyumbani kuwalinda wadogo zao, kifamilia kabisa, na familia hiyo ikikua inamfukuza kila mpangaji tangini.

Sasa rudi Baray. Perege wa Eyasi hana rangi ya kuuzia, hakuna anayemtafuta kwa ajili ya sebule. Tishio lake linaitwa sato. Watu wanachimba mabwawa, wanaletewa vifaranga, mvua inakuja, bwawa linafurika, samaki wanatoka. Kwenye maji kadhaa ya Tanzania watafiti wameshakuta machotara wa sato na perege wa asili. Ukitaka kumjua sato, mwangalie mkia: ana mistari ya wima iliyopangika kuanzia mwanzo wa pezi hadi mwisho. Eyasi yenyewe haina kina, mwaka wa mvua inatanda, kiangazi kikali inabaki tope na magadi, kwa hiyo samaki wa huko tayari wanaishi kwa kubahatisha. Ndoo moja inatosha, na mwenye ndoo si lazima awe mkoloni.

Wadau wa Karatu na Mang'ola, huyu perege wenu mnamwitaje kwa lugha za nyumbani, na mkia wa mliyemla mwisho ulikuwa na mistari?