Daftari la Mtoto na Wanyama wa Kubuni: Je, Tulichome?



Ndugu wazazi na wanafunzi, mama mmoja wa Bweyeye, kule Rusizi ambako mashamba yanapakana na msitu wa Nyungwe, alituletea daftari la mwanawe. Alidhani ni la hesabu. Alipolifungua alikuta kurasa kwa kurasa za hadithi alizotunga kijana mwenyewe, kuhusu watoto wanaosafiri na wale wanyama wa mchezo wa Pokémon. Kijana hana mashine ya kuchezea. Mchezo aliuona kwenye simu ya binamu yake Kamembe, na yaliyobaki akayajazia kwa kalamu. Mama akatuuliza: "Nilichome, au nimwache aendelee?"

Tulimwomba asubiri kwanza, tuangalie historia. Leo tunaileta kwenu nyote, kwani swali hili si la nyumba moja.

Mchezo ulitoka wapi?

Aliyeubuni ni Mjapani Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo. Utotoni alipenda kukamata wadudu. Mji ulipopanuka, mashamba na madimbwi aliyoyazoea yakafunikwa na majengo. Alipokuwa mkubwa alitaka watoto wa mjini waionje furaha ile ya kutafuta kiumbe, kumpata na kubadilishana na mwenzako. Mchezo ukatoka Japani Februari 1996 ukiwa na viumbe 151. Ulitengenezwa ili mtu asiweze kuwapata wote peke yake. Ilibidi aunganishe mashine yake na ya rafiki kwa waya.

Waislamu waliupokeaje?

Hapa ni lazima tuseme ukweli. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuupiga marufuku mchezo huo na kadi zake. Walitaja kamari katika kubadilishana kadi, alama walizoziona zina maana za dini na itikadi nyingine, na viumbe kugeuka kuwa viumbe vingine, jambo lililowakumbusha nadharia ya Darwin. Wakati ule ulienea pia uvumi kwamba jina Pokémon lina maana mbaya dhidi ya dini yetu. Uvumi huo haukuwa na msingi, kwani jina ni kifupisho cha maneno yenye maana ya wanyama wa mfukoni. Mwaka 2016, mchezo wa simu Pokémon GO ulipotoka, fatwa ile ilisambazwa upya na watu wengi wakadhani ni mpya.

Sisi si mamufti, na anayetaka hukumu amwendee sheikh wake. Lakini tunatenganisha mambo mawili. Kuweka fedha kwenye kadi ni jambo moja, na mtoto kukaa na kalamu akitunga hadithi ni jambo jingine. Hili la pili lina historia ndefu, na Waislamu wamo ndani yake.

Kalila na Dimna

Zamani huko India kulikuwa na kitabu cha hadithi za wanyama. Katika karne ya 6 tabibu Burzoy alikipeleka Uajemi wakati wa mfalme Anushirwan, kikageuzwa kwa Kipahlavi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakileta katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Ndani yake mbweha Dimna anamchonganisha simba na rafiki yake ng'ombe, mpaka ng'ombe anauawa bure. Katika kitabu cha Kihindi mchochezi huyo hapati adhabu. Katika kitabu cha Kiarabu imeongezwa sura nzima: Dimna anashitakiwa, mashahidi wanasikilizwa, naye anahukumiwa. Wataalamu wengi wanaona sura hiyo ni kazi ya Ibn al-Muqaffa mwenyewe. Msomaji aliyekipenda kitabu hakuridhika kuona dhuluma ikipita hivihivi, akashika kalamu.

Kitabu hicho kina pia kisa cha nyani aliyeokoka kwa kudai kuwa moyo wake ameuacha nyumbani. Kwa Wahindi adui yake ni mamba. Kwa Waarabu ni kobe. Kisa kilipofika Zanzibar adui akawa papa wa baharini, na ndivyo kilivyochapishwa mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, kikiitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Wazee wetu wa pwani walikipokea kisa cha wenzao na kukitia bahari yao.

Washairi wetu nao walifanya hivyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa ya 19, alichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na kwenye kila mistari miwili akatanguliza mitatu ya kwake. Hiyo ndiyo takhmisa. Hakuna aliyemwita mwizi, maana kila msomaji alijua ipi ni ya Liyongo na ipi ni ya Sayyid.

Turudi Bweyeye

Tulimwambia mama hivi: mwanao hakosi kwa kutunga. Tulipolisoma daftari, tulichokosa ni Bweyeye yenyewe. Misitu yote ya hadithi zake ni ya Kijapani, ilhali nyuma ya nyumba yao kuna msitu wenye jamii 13 za nyani, kima na sokwe. Kuna mbega wanaotembea kwa makundi ya mamia. Kuna kima mwenye uso kama wa bundi, na kinyonga dume mwenye pembe tatu. Nyungwe iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Lakini tembo wake wa mwisho aliuawa mwaka 1999, na nyati walimalizwa mapema zaidi. Kama madimbwi ya Tajiri, nao wamebaki kusimuliwa tu.

Basi wazazi, tunashauri haya. Kwanza, someni daftari pamoja na mtoto kabla ya kuhukumu. Pili, mfundisheni amana: aandike wazi kuwa ulimwengu ule umebuniwa na wengine, na asiuze kilicho na mwenyewe. Tatu, sala na masomo visitanguliwe na hadithi. Nne, mwambieni awaulize wazee msitu ulikuwaje walipokuwa watoto, kisha atie majibu yao humo.

Mama alirudi na daftari lake likiwa zima. Juma lililofuata alitueleza kwamba kijana amemwendea babu yake kumuuliza habari za tembo, na mzee amezungumza mpaka adhana ya magharibi ikawakuta hawajamaliza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaongoze watoto wetu na kalamu zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.